Zamu ya Shikamoo

Niseme mapema: sijasamehe. Watu wengi wanaposimulia mambo yao ya zamani hufika mahali wakalainika, na msomaji akafunga kitabu moyo ukiwa mweupe. Mimi sitafika huko, kwa hiyo anayetafuta hilo asijisumbue.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi cherehani katika kijiji kimoja cha bonde la Kilombero, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka Ifakara kama njia ni kavu. Kama si kavu, usiulize. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimeachika, sina mtoto, na cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka la mzee mmoja Mwislamu, mtu wa pwani aliyekuja bondeni kijana akazeekea hapo. Hakuwahi kunidai kodi ya baraza. Alichotaka ni mtu wa kubishana naye mchana, na hilo nilimpa bila kipimo.

Kwetu, mvua zikianza, kijiji kinabaki kitupu. Mashamba ya mpunga yako mbali, huko chini kwenye mbuga, na anayelima hawezi kwenda na kurudi kila siku. Watu hubeba sufuria, chandarua na kuku wawili watatu, wakahamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, wakakaa huko miezi wakifukuza ndege na nguruwe hadi mavuno. Kijijini tunabaki wachache: walimu, mhudumu wa zahanati, mwenye duka, mimi na sare zangu za shule. Na wazee. Wazee hawawezi kupanda ngazi ya dungu, kwa hiyo huachiwa unga, kuni na maneno mazuri.

Mwaka mmoja, kati ya hao wazee, alikuwepo mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, mpole, mwenye kupenda kuvaa koti hata kwenye joto la Januari. Alianguka nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mwanawe alimkuta siku ya tatu, aliporudi kutoka shambani kufuata chumvi. Siku zote hizo tatu sisi tuliobaki tulikuwa tunapita mbele ya mlango ule. Mimi mwenyewe nilipita asubuhi zote, nikasema shikamoo mzee kwa mazoea, nikaendelea na safari yangu bila hata kupunguza hatua.

Hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe. Nilimwambia rafiki yangu tukiwa bado kwenye matanga, tukichambua mchele pamoja. Huyu rafiki tulikua naye. Tulichota maji kisima kimoja, tulivunja ungo mwaka mmoja, na siku nilipoachika ni yeye aliyekuja na baiskeli kunibebea cherehani, akiwatukana ndugu wa mume wangu hadi barabarani. Mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kulima, kwa hiyo naye alikuwa ameacha kwenda mbugani, akawa anauza samaki wakavu kijijini. Aliacha kuchambua, akaniangalia.

"Shikamoo usiyosubiri marahaba yake ni kelele tu," alisema.

Kwa maneno hayo tukaanza. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akakubali haraka maana hatukumwomba kitu. Tulikuwa watu sita, na wazee wanaoishi peke yao walikuwa kumi na mmoja. Kila alfajiri mmoja wetu anazunguka milango yote. Anasema shikamoo, anasimama, anasubiri. Ukisikia marahaba, unaendelea. Usiposikia, unaingia. Tuliita zamu ya shikamoo, na sikumbuki kama kuna aliyelichagua jina hilo.

Ukisimulia hivi inaonekana rahisi. Wazee walituchukia mwaka ule wa kwanza. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kumpima sanda. Mwingine alikuwa anatuwahi: ukifika tu uani, kabla hujafungua mdomo, anafoka "Marahaba! Haya, nenda!" na majirani wanacheka. Watoto wao nao walinung'unika kwamba tunawaaibisha, kana kwamba wametelekeza wazazi. Nilikuwa na jibu la hilo, ila mwenye duka aliniomba nisilitoe hadharani. Tukafyeka majani milangoni kwa ajili ya nyoka. Tukafunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni kwa wale ambao macho yao yalikuwa yamechoka. Mhudumu wa zahanati akawa anapita kila Jumatatu. Mvua za pili, watu walianza kuja wenyewe kabla ya kuhamia mbugani: mama yangu naye mumweke kwenye zamu. Mvua za tatu, watu wa upande wa Namawala walikuja kuuliza tunafanyaje. Rafiki yangu aliwaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, maana mimi nikiulizwa jambo mara mbili nakasirika.

Lakini tangu mwanzo kulikuwa na suala la makomeo. Kila nyumba ya mzee ilikuwa na komeo, gogo zito la kuzuia mlango kwa ndani. Tungeingiaje kama mtu ameanguka nyuma ya komeo? Tuliwaomba waache kuyatumia. Mlango ufungwe kwa kamba, ambayo mtu wa nje anaweza kuikata. Kumi walikubali, kwa shingo upande.

Wa kumi na moja alikuwa bibi jirani yangu. Hatukuwa na undugu wa damu, ila nilizoea kula kwake tangu niachike, na yeye alizoea kunigombeza. Mume alikwishakufa, mwanawe wa pekee alipanda treni kwenda Mbeya kutafuta kazi na hakurudi. Aliishi kwa kukausha kambale kwa moshi, ndio hao rafiki yangu alikuwa akiwauza, na mara nyingi wakila pamoja. Miaka ya kuinamia moshi ilikuwa imeyafanya macho yake kuwa mekundu muda wote. Kila mtu kijijini alijua ni moshi. Naomba hilo likumbukwe.

"Komeo hili alichonga mume wangu," aliniambia. "Limenilinda miaka yote."

"Likikulinda na watu, bibi, litatuzuia na sisi."

"Kwani ninyi si watu?"

Tulicheka. Nilikwenda kwake siku nne mfululizo na habari ile ile. Nilimkumbusha mzee wa reli. Nilimwambia kwamba sitaki kuja kumkuta siku ya tatu. Siku ya nne alisugua miguu, halafu akauliza, "Utakuwa unakuja wewe mwenyewe?"

"Zamu yangu nitakuja mimi. Zamu ya mwenzangu atakuja mwenzangu. Yeye ni kama mimi tu, bibi."

Alilinyanyua komeo kwa mikono yote miwili akanipa nikae nalo, ili asije akashawishika kulirudisha mlangoni. Lilikuwa jeusi kwa kushikwa. Nililipeleka barazani, nikaliweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa mfupi, na cherehani ikatulia kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

Sasa nifike pale. Binti wa rafiki yangu alikuwa ameolewa Kisawasawa, na mimba zake tatu zilikuwa zimeharibika, moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa kubwa kiasi cha kuzikwa. Rafiki yangu alirudi kutoka huko amekonda, haongei. Nilikwenda kukaa naye, nikampikia, nikamfulia. Sikumuuliza mengi, nilidhani ananyamaza kwa huzuni. Kumbe alikuwa ameongozana na wakwe wa binti yake kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto, na mganga amewaambia kwamba anayekula wajukuu ni mwanamke mzee, anaishi peke yake, macho mekundu, na hula na familia sahani moja. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba alikuja barazani kwangu siku ya Jumatano, akasimama akichezea uzi wangu.

"Nibadilishie zamu," alisema. "Kesho nitazunguka mimi, wewe uchukue yangu ya Jumamosi."

Nilikuwa nimeishiwa kaki ya kaptula za shule na nilitaka sana kwenda Ifakara. Nikamwambia asante. Nimelitafuna neno hilo miaka yote hii.

Nilirudi Alhamisi alasiri na kitambaa changu nyuma ya baiskeli. Mwenye duka alikuwa amekaa nje ya duka badala ya ndani. Hakuniacha hata nishuke vizuri.

"Wamemchukua bibi yako," alisema. "Wamemvusha pantoni kwenda kunyolewa."

Kwa asiyejua: kwetu mtu akishukiwa uchawi hupelekwa kwa mganga, ananyolewa nywele zote, ananyweshwa dawa, anarudishwa nyumbani. Inasemwa kwamba nguvu zake zimetoka na nywele, na kwamba tangu hapo hakuna mwenye ruhusa ya kumsema. Watu huona hiyo ni huruma. Wengine huenda wenyewe, kuondoa maneno. Bibi hakwenda mwenyewe.

Mwenye duka aliona yote, maana alikuwa anatoka kuswali. Rafiki yangu alisimama mlangoni kwa bibi kama zamu inavyotaka, akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu, pita, nimechemsha chai." Akavuta kamba. Nyuma ya rafiki yangu, wamejibanza ukutani, walikuwa wanaume watatu wa upande wa wakwe na baiskeli moja ya kubebea. Walimpakia akiwa na kanga moja. Mwenye duka alipiga kelele, wakamwambia mzee, haya si ya kwako, na yeye alikuwa na miaka sabini.

Walimrudisha kesho yake mchana. Kichwa kilikuwa cheupe, na kilikuwa na mikato midogo ya wembe nyuma ya masikio. Alishuka kwenye baiskeli mwenyewe, akaingia ndani, akarudishia mlango. Nilibaki nje nikiita shikamoo hadi sauti ikakauka. Hakuitikia. Kwa kanuni zetu ningepaswa kuingia, lakini sikusukuma mlango.

Nikaenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta amejifunga kitambaa, na alipokivua nikaona naye amenyolewa. Binti yake pia, amelala kwenye mkeka chumbani. Huko hunyolewa wote, mshitaki na mshitakiwa, ili pasiwe na wa kumcheka mwenzake.

"Unaona?" alisema. "Tumenyolewa wote. Yamekwisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi wangekuja wenyewe, siku nyingine, na mapanga. Unajua yanayotokea kwingine. Mimi nimemnusuru. Nywele zinaota. Huo si ndio usalama wa wazee tunaousema kila siku?"

Aliamini anachokisema, na hapo ndipo nilipopata hasira ambayo bado ninayo. Angekuwa mwongo ningejua la kufanya. Nilimuuliza jambo moja tu. "Kwa nini ulimwamkia? Ulikuwa na wanaume watatu na mlango wa kamba. Kwa nini ulisema shikamoo?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Sasa ningeingiaje bila kumwamkia?" alisema. "Ni mkubwa wangu."

Nikaondoka. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake, na naye alikuwa mtu aliyenijua kuliko mama yangu mzazi.

Nilidhani watu wa zamu watakuwa upande wangu. Tulikutana wote sita kwa mwenyekiti. Nikasema mtu huyu atoke. Mke wa mwalimu mkuu, ambaye nilimshonea nguo za watoto wake wote, alisema tusikuze mambo. Mhudumu wa zahanati aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti alisema bibi amekwishanyolewa, maneno hayapo tena, na kwamba mama huyu anaijua mizunguko vizuri, tukimtoa zamu itakufa. Mwenye duka peke yake ndiye aliyesema ni aibu, wakamjibu kwamba yeye ni mgeni, hajui mila za hapa. Alikuwa ameishi hapo miaka arobaini.

Ningeacha siku hiyo. Sikuacha kwa sababu wale wazee walikuwa bado wapo, na mvua zilikuwa bado zinanyesha. Lakini hadi Jumapili milango yote ilikuwa na makomeo tena. Seremala wetu hakuwahi kupata kazi nyingi kiasi hicho kwa wiki moja. Hakuna mzee aliyetuambia kitu. Walitusikiliza tu tukiamkia, wakaitikia kupitia mbao.

Komeo la bibi nililitoa chini ya cherehani nikalipeleka. Aliniambia, "Weka hapo." Sikuambiwa kaa. Nilikuwa nimemshonea kitambaa cha kichwa, cha bluu, nikakitoa mfukoni. Alikishika, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Acha waone," alisema.

Na kweli, hadi nywele zilipoota alikwenda kisimani na gengeni kichwa wazi, kwenye jua lile, polepole, akisalimia kila mtu kwa adabu. Watu waligeuza nyuso. Rafiki yangu alikuwa akipita njia nyingine.

Asubuhi baada ya kumrudishia komeo nilisimama mlangoni kwake. "Shikamoo, bibi."

Kisha sauti kutoka ndani: "Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Nilisikia anasogea, nikajua anachungulia kwenye ufa. Alichukua muda. Halafu akasema, "Marahaba," na hakufungua.

Ikawa hivyo. Kwa wenzangu hakuwa anajibu kabisa, kwa hiyo mlango wake ukawa wangu kila siku, zamu iwe ya nani. Uko na nani, niko peke yangu, marahaba. Zamu yenyewe iliendelea na hata ikakua. Watu wa wilaya walikuja kuiangalia, wakapewa viti vya shule na soda za moto, na rafiki yangu ndiye aliyewaeleza jinsi tulivyoanza. Alilisema lile neno lake la kelele na marahaba, wakaliandika. Mwaka mmoja baadaye binti yake alijifungua mtoto wa kiume, mzima. Alipita barazani akiwa amembeba, akasimama mbali kidogo.

"Umeona sasa?" aliniuliza.

Nilimwambia nimeona kwamba binti yake safari hii alilala kwenye chandarua na kuhudhuria kliniki.

"Una roho ngumu," alisema.

"Ninayo."

Kisha ukaja mwaka wa mvua ambazo hazikujua kupumzika. Njia ya Ifakara ilikuwa maji hadi magotini. Asubuhi moja nilifika kwa bibi nimelowa, nikitetemeka, na nyumba nne bado mbele yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, bibi."

Alikaa muda mrefu kuliko kawaida. "Marahaba," akasema. Sauti ilitoka chini, karibu na sakafu, nikafikiri ameinamia mafiga anapuliza moto. Nikaenda zangu.

Kesho yake niliamkia mara tatu na hakuna aliyeniuliza niko na nani. Nilisukuma mlango kwa bega. Komeo la mume wake lilikuwa imara kama alivyolisifu. Nilikimbia nikamwita seremala na mwalimu mmoja, wakabomoa udongo wa ukuta kando ya mlango, nikapenya. Alikuwa sakafuni, hatua moja kutoka mlangoni, nyonga imevunjika, mafiga baridi, kanga imelowa. Alikuwa hai. Tulimpeleka Ifakara kwa trekta la watu waliokuwa wakitoa mpunga, nimekipakata kichwa chake, nywele zake zilizokwishaota zote, nyeupe.

Aliishi siku tatu wodini. Siku ya pili alikuwa na nguvu ya kuongea, nikamuuliza.

"Juzi nilipokuja, ulikuwa umeshaanguka?"

"Nilikuwa chini tangu jioni ya kabla yake."

"Na ukaniitikia marahaba."

"Nilikuitikia."

"Kwa nini hukuniambia, bibi? Nilikwambia niko peke yangu."

Aliniangalia kwa yale macho mekundu, bila hasira, kama anayemkumbusha mtoto kitu alichotumwa akasahau.

"Si ulisema mwenzako ni kama wewe," akasema.